Binti Aliyekoromea Kanisa Zima

Naserian, mama,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya maana. Nimemsikia tangu jioni: nguo za ndani usianike nje, blanketi nzito iwe juu kwenye sanduku kwa sababu huko chuoni Nyeri baridi yake haina huruma, simu usimwazime mtu usiyemjua, Jumapili usikose ibada. Hayo nayaacha hapo alipoyaweka. Mimi nimekaa mezani na kalamu yangu ya kuandikia vipimo vya mageti, na nataka nikuandikie jambo moja tu. Umelisikia nusunusu, na kila mara kwa kicheko, maana nyumba hii haijawahi kulisimulia bila kucheka. Ni habari ya kukoroma kwako.

Usikasirike. Najua ulimkataza ndugu yako kuitaja mbele ya wageni. Lakini siku moja, Mungu akipenda, utakuwa na mtoto wako, au utaachiwa mtoto wa mwenzako umwangalie, na nataka uwe umeisikia kutoka kwa mtu aliyekosea. Mama yako hawezi kukusimulia vizuri. Yeye hakukosea.

Ulipokuwa mdogo tulikaa kile chumba na nusu nyuma ya karakana, kabla Kitengela haijajaa maghorofa. Ulikuwa unakoroma kama lori la mchanga linalopanda mlima na gia ya kwanza. Na mimi nilijivunia. Kwetu Ukambani nilikokulia, mtoto akikoroma watu walisema ameshiba na amelala vizuri, na mimi sikuwa na elimu nyingine zaidi ya hiyo. Vijana wa kazi walikuwa wakiniuliza, "Fundi, huko ndani umefuga nini?" Nawajibu, "Nimefuga binti yangu, na amekunywa maziwa." Kuna mzee mmoja wa Isinya aliyekuja kuchukua geti lake alfajiri, akakusikia, akaniambia mwenye msichana kama huyo hana haja ya mbwa. Nilicheka siku nzima. Nilikwenda kuisimulia hata kanisani.

Mama yako hakucheka. Aliniambia, "Baba Naserian, huyu mtoto pumzi inakatika." Nikamwambia hapana, ni wewe unayesinzia katikati, ndiyo maana husikii. Akaniambia tena baada ya siku chache. Nikamjibu hivyo hivyo, na nikaona nimejibu kwa akili. Masikio yangu unayajua. Grinda ya vyuma iliyachukua zamani. Nilikuwa nasikia kile kishindo cha kukoroma, lakini mahali pakinyamaza mimi sikupajua, kwa sababu kwangu kimya ni kitu cha kawaida.

Kisha ukaanza shule. Mwalimu wako wa darasa la kwanza akaniita akasema unalala juu ya dawati asubuhi, na siku nyingine hutulii hata kidogo, unarukaruka, unachokoza wenzako, husikii unachoambiwa. Akasema hajui aandike mtoto ni mzembe au ni mtundu. Nyumbani ulikuwa umerudia kukojoa kitandani baada ya kuacha. Godoro lako lilianikwa uani kila asubuhi, na upepo wa Kitengela, unaujua, ulilikausha hata kabla jua halijapanda, nasi tukamshukuru Mungu kwa upepo. Ulikula polepole mdomo wazi, kama mtu anayekula huku anakimbia. Gauni la Krismasi ya mwaka mmoja lilikutosha Krismasi iliyofuata, na mimi, baba yako, nikasema huyu mtoto si wa gharama.

Unaona vile mtu anaweza kuona kila kitu na asione.

Kanisani ndiko nilikoona aibu. Nilikuwa mzee wa kanisa, tena mtu wa vyombo vya sauti, niko pale nyuma kwenye ile meza ya vidude ambako kila mtu akigeuka ananiona. Na kando yangu binti yangu amelala, tena kwa sauti. Basi nikaamua usimame. Mahubiri yote, wewe umesimama. Ukajifunza kulala wima, umeshika suruali yangu, kichwa kimeegemea mguu. Wamama wakapita wakasema tazama vile mtoto anampenda babake. Nikakupeleka kwa mchungaji, nikamwambia mtoto huyu ana pepo la usingizi. Mchungaji akakuombea kwa nguvu, akaweka mikono, ukaitikia amina kubwa kuliko watu wote, na kabla hajaketi ulikuwa umelala.

Sisemi kuomba kulikuwa kosa. Nimeomba tangu ujana wangu na sitaacha. Kosa langu ni kwamba nilikuwa nimemwambia Mungu ugonjwa ni upi kabla sijamuuliza.

Sasa njoo kwenye lile kesha. Unajua tulivyofanya makesha siku zile, na bado tunafanya. Watoto walilazwa mbele, nyuma ya mimbari, kwenye mikeka na leso, maana huko hakuna upepo wa mlangoni. Kwaya ilipomaliza kuimba, mmoja wao akaiweka maikrofoni chini kwenye zulia, karibu kabisa na kichwa chako. Mimi sikuiona. Mchungaji akasema tunyamaze wote mbele za Bwana. Kanisa likanyamaza. Na wewe ukaingia.

Ulitoka kwenye spika zote, mama. Ulitoka hata kwenye ile iliyofungwa nje inayotazama barabara. Walinzi wa ploti za jirani walisikia. Vijana wa bodaboda pale stejini walisikia, na kwa miezi walikuwa wakinisalimia kwa kukoroma. Mle ndani mama mmoja wa kiti cha mbele akaanza kutikisika mabega, mwingine akaziba mdomo kwa leso, na mchungaji mwenyewe nilimwona amejifunika uso kwa Biblia, na haikuwa kwa maombi.

Halafu ukanyamaza. Kila mtu alidhani ni mimi nimezima. Sikuwa nimezima, mkono wangu ulikuwa bado njiani. Kimya kile kikakaa, kikakaa, hata waliokuwa wanacheka wakaanza kutazamana. Kisha spika zikatoa mvuto mmoja mkubwa, kama mtu aliyetolewa chini ya maji. Hakuna aliyecheka tena.

Unajua nilifanya nini? Niliishusha sauti. Binti yangu alikuwa ameomba kitu mbele ya kanisa zima, nami nikamfunga mdomo, kwa aibu.

Dada Mwende alikuwa kwenye mstari wa alto. Mchana alikuwa nesi kwenye kliniki ya hapa mjini. Hakuinua sauti. Alisema tu, "Baba Naserian, rudisha hiyo sauti."

Nikadhani ananitania.

"Irudishe."

Nikairudisha. Na kanisa zima, watu wazima waliokuja kumlilia Mungu kwa mambo yao wenyewe, likakaa likakusikiliza wewe ukipumua. Kishindo, kishindo, halafu hakuna, halafu ule mvuto. Tena. Mwende akashuka, akakuchukua kwenye leso, akakufunua kifua. Akanionyesha vile ngozi ilivyokuwa inazama chini ya mbavu kila ulipovuta. Ulikuwa umelowa jasho na usiku ulikuwa wa baridi. Shingo umeipinda nyuma, kidevu juu. Akaniambia, "Huyu halali. Huyu anafanya kazi usiku kucha, ndiyo maana mchana amechoka." Akasema yeye si wa kunipa jina la ugonjwa, twende hospitalini, lakini kwanza nikurekodi kwa simu ukiwa umelala, kifua kikionekana na sauti ikisikika. Mtoto akifika mbele ya daktari macho wazi anapumua kama mtu yeyote, na wazazi wanarudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi.

Kurekodi mtoto aliyelala si kazi kubwa. Kwetu ikawa kubwa, na sababu yake ni Koko, nyanya yako.

Mama yako alikuwa amempigia simu mama yake kule Kimuka, na kabla sijapanga lolote Koko akafika na kibuyu cha maziwa na uamuzi. Uamuzi ulikuwa kilimi. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, kwao mtoto akisumbuliwa na koo au kikohozi kisichoisha kinakatwa, na Koko alikuwa na mzee wake anayejua kazi hiyo. Mama yako mwenyewe alikatwa akiwa mdogo. Koko akasema mtoto atapanda naye Kimuka, atakatwa kilimi, atalala. Mama yako akasema hapana. Mimi sikusema kitu, kwa sababu sikuwa na njia ya kusema.

Hilo hulioni sana siku hizi, nikueleze. Kwetu Wakamba tunaiita nthoni, na Wamaasai nao wana heshima kama hiyo. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, hawaongei ana kwa ana, na chumba anacholala mama mkwe mimi siingii, hata nyumba ikiwa yangu. Kwa hiyo mimi na Koko tulikuwa tunaongea kupitia kwako. Koko anaketi akinipa mgongo anasema, "Naserian, mwambie baba yako chai iko tayari." Mimi nasema, "Naserian, mwambie Koko ashe, nashukuru." Na wewe ulikuwa unasinzia katikati ya ujumbe, tunabaki wote wawili hapo, kila mtu anatazama ukuta wake, tunangoja uamke umalizie.

Siku hizo hizo mama yako akaenda Namanga kuchukua shanga za biashara, akakaa huko siku chache kwa dada yake. Koko analala nawe chumbani. Mimi niko sebuleni na simu, na mlango ule siwezi kuuvuka. Koko simu aliijua ya kupokea tu. Nikafikiri sana, halafu nikakupa wewe simu ukalale nayo ujirekodi. Ndiyo, nilifanya hivyo. Asubuhi nilipata picha ndefu ya dari, na sauti yako ikiniuliza kama imeshaanza.

Usiku wa pili nimekaa kwenye kiti nikimwomba Mungu anifungulie njia. Nikasikia sauti ya Koko ndani.

"Baba Naserian."

Tangu nimwoe mama yako, yule mama hakuwa ameniita hata mara moja. Nikasimama. Nikasema nikiwa nje ya mlango, "Koko, siwezi."

"Heshima tutairudisha asubuhi. Ingia na hiyo simu."

Nikaingia nimeinamisha macho. Alikuwa ameketi kitandani amejifunika shuka mpaka kichwani, ametazama ukuta, na wewe umelala kando yake, kidevu juu. Nikapiga magoti, nikawasha simu. Lakini Koko alijua masikio yangu. Akaniambia, bila kugeuka, niweke kiganja mgongoni kwako.

Nikaweka. Mama, mkono wangu huu umeshika vyuma vya kila aina, lakini haujawahi kushika kitu kama kile. Mwili wako ulikuwa unavuta. Unavuta kwa nguvu zote, mbavu zinafunguka, na hakuna kinachoingia. Unavuta tena. Hakuna. Nilihesabu moyoni nikaacha kuhesabu. Halafu ukashtuka wote, hewa ikaingia kwa ule mvuto, ukajigeuza, na hata hukuamka. Mama yako alikuwa ameniambia kwa maneno. Mwende na spika zake waliniambia mbele ya watu. Ilibidi niambiwe na mgongo wako ndipo nielewe.

Koko akasema kwa ukuta, "Nimelea watoto na nimelea ndama. Sijaona hata mmoja akilala shingo imeelekea juu hivi. Anatafuta pumzi. Kilimi ni kidogo, hakiwezi kufanya hii." Kisha akaongeza, "Mpeleke kwa daktari. Na mimi nitakwenda, nimwulize mwenyewe."

Asubuhi nilipoketi sebuleni alikuwa amenipa mgongo kama kawaida. "Naserian," akasema, "mwambie baba yako chai iko tayari."

Daktari wa Kajiado alikuwa kijana mpole. Kabla hajakuangalia koo alichukua ile simu, akatazama mpaka mwisho, akairudia. Kisha akakuangalia na tochi, akamwita mama yako achungulie. Zile nyama mbili za pembeni, tonsili, zilikuwa zimekua mpaka karibu zigusane. Akatutuma ukapigwe picha ya eksirei ya shingo, na hapo akatuonyesha nyama nyingine nyuma ya pua, adenoidi, imejaa pale pa kupita hewa. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mageti. Akasema basi utanielewa: akiwa macho misuli yake inalishika lango wazi. Akilala misuli inalegea, na hizi nyama kubwa zinalifunga. Ubongo unamgutusha afungue, anafungua, analala, linajifunga tena. Usiku mzima. Akasema inaitwa apnea ya usingizi.

Na sikiliza hii, maana ndiyo ninayotaka uibebe. Alisema si kila mtoto anayekoroma ana ugonjwa. Mwenye mafua atakoroma na ataacha. Lakini anayekoroma karibu kila usiku bila mafua, pumzi inakatika au anavuta kwa kupigana, analala mdomo wazi na shingo juu, analowa jasho, anarudia kukojoa kitandani, mchana anasinzia au hatulii, haongezeki mwili, huyo aonwe na daktari, asiitwe mvivu. Wengine dawa ya kupuliza puani inawatosha. Wengine kuna mashine ya kuwasukumia hewa wakilala. Wewe, akasema, hizo nyama zitolewe.

Koko akamwuliza habari ya kilimi. Yule kijana hakumcheka. Akamwambia, "Koko, kilimi chake ni kizima. Tukikikata atapata kidonda na damu itamwagika, na hapa palipoziba patabaki vile vile." Koko akatikisa kichwa kukubali, akasema kwa Kimaasai kitu ambacho mama yako alikataa kunitafsiria.

Aliyebaki kuogopa ni mimi. Nilimwambia daktari, mtoto ambaye pumzi inakatika akilala mwenyewe, sasa mnataka kumlaza kwa dawa? Akasema hilo ni swali la haki. Ndiyo maana kule chumba cha upasuaji atakuwepo mtu ambaye kazi yake ni pumzi zako peke yake, na ukitoka hutarudi nyumbani siku hiyo, utalala wodini wakikuangalia. Niliitikia, lakini tulipofika nje nikamwambia mama yako tuombe kwanza, labda wiki moja zaidi, labda mbili. Mama yako alikuwa amekubeba mgongoni umelala.

Akaniambia, "Omba. Lakini omba ukitembea."

Basi nikaomba nikitembea, mpaka Nairobi, mpaka kwenye lile benchi nje ya chumba cha upasuaji. Koko amekaa mwisho huu, mimi mwisho ule, mama yako katikati kama mkalimani wa mkutano. Sikumwambia Mungu afanye nini. Nilikuwa nimejifunza. Nilimwambia tu, huyu ni wako, nami ni wako, na yule mwenye dawa ya usingizi pia ni wako, tushike wote. Nesi alipotoka akasema umeamka na unataka chipsi, Koko alisahau nthoni yote. Akanishika mkono. Tukashtuka wote wawili, tukaachana, tukatazama kila mtu upande wake, na mama yako akacheka mpaka akaketi sakafuni.

Chipsi hukupewa. Ulipewa vitu laini na vya baridi, na kidole chako kikavalishwa kile kibano chenye taa nyekundu kinachopima hewa ya damu, ukajivunia kuliko pete. Nyumbani siku za kwanza zilikuwa ngumu, koo linauma, masikio yanauma, hutaki kumeza. Tuliambiwa ukitema damu mbichi turudi mbio, kwa hiyo mimi nilichungulia kila mate. Koko ndiye aliyekunywesha, kidogo kidogo, kwa hadithi za fisi ambazo hazikuwa na mwisho mpaka kikombe kiishe. Na ulikoroma bado, maana ndani palikuwa pamevimba. Moyo ulianza kunishuka.

Kisha usiku mmoja nikaamka. Sikujua nimeamshwa na nini. Nilikaa kitandani nikitega sikio, na hapakuwa na kitu. Si lori, si ule mvuto, hakuna. Naserian, nilikimbia. Nilipita mlango wa Koko bila kuuliza heshima iko wapi, nikakunyakua, nikakutikisa. Ukafungua macho ukanitazama kwa hasira ya mtu mkubwa.

"Baba. Nilikuwa nimelala."

Hayo tu. Ukarudi ukajifunika. Mdomo ulikuwa umefungwa na shingo imekaa vizuri kwenye mto. Koko alikuwa anacheka chini ya shuka mpaka kitanda kinatikisika, mama yako akaja na taa, nami nimekaa sakafuni nalia kama mtoto. Tukaimba pambio moja, taratibu tusikuamshe, na jirani akagonga ukuta akauliza kama kesha limehamia kwetu.

Baada ya hapo ulianza kukua mbele ya macho yetu. Godoro likasahau njia ya uani. Gauni la Krismasi likakataa kufunga, na nilifurahi kununua jingine kuliko nilivyofurahi kununua mashine ya kuchomelea. Mwalimu akauliza tunakulisha nini. Kanisani ulikaa, macho wazi, mahubiri yote, na tukitoka unaniuliza maswali juu yake, na hapo nikagundua miaka yote nilikuwa sisikilizi mahubiri, nasikiliza spika. Daktari alitaka akuone tena baadaye, kwa sababu watoto wengine kukoroma kunarudi, nasi tukakupeleka. Akasema uko salama.

Hilo ndilo kosa langu na furaha yangu, viko pamoja, siwezi kuvitenganisha nikupe kimoja. Nilichojifunza ni kidogo. Mtu anayeishi na wewe akikuambia jambo mara ya pili, zima mashine umsikilize. Na mtoto akikushinda mchana, nenda ukamtazame usiku kabla hujamtafutia jina. Basi. Mengine mama yako anayajua.

Sasa uende ukasomee kupima ardhi. Nami najua watu watakaofurahi kuona beakoni za mipaka zimewekwa mahali pake hapa Kajiado, ni wengi. Nilitaka nikuombe uwaambie wasichana wa chumba chenu wakusikilize usiku, mara moja moja. Mama yako amenikataza. Amesema msichana haendi chuoni na walinzi wa pumzi. Amesema kweli, nami siombi. Ila ukianza kuamka na kichwa kizito, au wakikutania kwamba unakoroma, usione haya, nenda kliniki ya chuo uwaambie ulivyokuwa mdogo.

Leo wakati wa chakula uliniuliza kama nitalala ukishaondoka. Nikakohoa, nikasingizia mwiba wa samaki. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuacha. Kila usiku, miaka yote hii, nilipita kukuwekea kiganja mgongoni, mpaka ulipofika kidato cha pili ukaanza kufunga mlango kwa ndani, nikajua umekua. Tangu hapo napita tu, nagusa mlango, nakwenda kulala.

Nimetoka kupita sasa hivi. Leo hukuufunga. Nimeingia, nimeweka mkono, na mgongo wako umepanda na kushuka, umepanda na kushuka, bila kugombana na mtu. Nilidhani umelala fofofo. Ukasema bila kufungua macho, "Niko sawa, Baba. Nenda ulale."

Nakwenda, mama. Lala, na uamke.

Baba yako